Mwaka wa Hinda wa Kusomea Uani

Hinda Kerrow hakuwa mtu wa kukaa. Mpe kigoda, atakalia nusu yake. Mtandikie mkeka, ukigeuka utamkuta amesimama anaukung'uta, eti una vumbi. Watu wa Bulla Iftin, pale Garissa, walikuwa wamemzoea: mara yuko njiani anabishana na mwenye punda wa maji, mara yuko mlangoni anatazama nani anapita, mara amekimbilia jikoni na kumbe chai imeshachemka ikamwagika yote juu ya makaa. Na mtu huyo, jamani, ndiye aliyeamua mwaka wa tisini na sita kwamba atakaa nyumbani asome masomo ya sekondari peke yake, bila shule wala kengele, kisha afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alipolisema jambo hilo mbele ya kaka yake, yeye mwenyewe alishangaa ni nani aliyekuwa akiongea.

Shule alikuwa ameiachia kidato cha pili, mama yao alipofariki. Baadaye akaolewa na mwenye duka kule Wajir, akaishi miaka nyuma ya kaunta akingoja wateja. Ngoja asubuhi, ngoja mchana, pima sukari, ngoja tena. Ndoa ilipovunjika hakuna aliyegombana na mwenzake. Mume alisema tu kwamba mwanamke huyu anamchosha macho kwa kuzungukazunguka. Hinda akafunga nguo zake, akarudi Garissa kwa kaka yake Abdiwahab, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye mke na watoto wake walikuwa Balambala kwenye shamba la kando ya mto. Ndani ya nyumba ya Garissa akamkuta bibi yao, mama yake baba, mzee Sharifo, ambaye wote walimwita Ayeyo na ambaye hakuwahi kukubaliana na mtu juu ya lolote.

Abdiwahab alimsikiliza dada yake mpaka akamaliza, huku akichokonoa meno kwa mswaki wake wa mti.

"Haya, abaayo," alisema. "Unataka kuwa mwalimu. Vizuri. Nitakulipia vitabu na ada ya mtihani. Lakini mwaka mmoja tu. Ukifaulu, nenda chuo cha ualimu. Ukianguka, unakwenda Bute kwa Adeer Diriye. Duka lake linataka mtu mwaminifu, na kila mara ananiita kwenye taar, ile redio ya kuzungumzia, kuniuliza nitampa nani."

Bute haina kosa lolote, tuelewane. Ni mji wa mbali kaskazini, ng'ambo ya Wajir, wa watu wenye heshima zao, na Adeer Diriye, ndugu wa marehemu baba yao, alikuwa mtu mpole. Lakini Hinda alisikia neno moja tu, duka, akaona kaunta, akajiona tena amekaa nyuma yake akiwahesabu nzi. Alikubali masharti papo hapo. Angekubali hata zaidi.

Mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha. Alitafuta ratiba ya shule ya bweni, akainakili kwa rangi mbili na kuibandika ukutani: hesabu saa hii, biolojia saa ile, mapumziko, historia. Siku ya kwanza aliifuata kama askari. Siku ya pili, katikati ya biolojia, akakumbuka kwamba chumvi imekwisha. Chumvi gani! Ilikuwepo nusu kopo. Alikwenda sokoni, akapitia kwa rafiki, akasimama kutazama lori lililotoka Modogashe likishusha mbuzi, akarudi jua limegeuka. Siku ya tatu mbuzi wa jirani akaingia ndani akaila ratiba ile, upande wa hesabu, na Hinda akashukuru Mungu kimoyomoyo.

Kukaa mezani kulimtesa. Miguu ilimwasha. Macho yalikuwa kwenye ukurasa na masikio yako barabarani, na kila baada ya mistari michache moyo unamwambia, inuka, kuna kitu unakosa huko nje. Halafu Bute inamjia kichwani, anarudi mbio kwenye kitabu, anasoma mstari ule ule mara nne bila kuuelewa. Mwezi mzima ulipita hivyo. Hofu ilimrudisha kitini na hofu hiyo hiyo ikamzuia kusoma.

Ndipo akakumbuka duksi. Utotoni, katika chuo cha Kurani, Hinda alikuwa sifa ya mtaa. Hakuna aliyehifadhi upesi kama yeye, na pale hakuna aliyemwambia atulie: ulishika loho yako, ule ubao mrefu wa mbao, ulioandikwa kwa wino wa makaa na utomvu wa mgunga, ukasoma kwa sauti, ukayumbayumba, ukatembea ukitaka. Somo likishaingia kichwani unaiosha loho, unaandika jingine. Mbona amekuwa akijitesa na meza ya Wazungu?

"Usithubutu kuigusa loho ya marehemu baba yako," Ayeyo alimwonya mara moja. "Ile imebeba maneno ya Mungu. Usiipakaze habari za makafiri."

Hinda akachukua ubao wa kreti ya majani ya chai, akaupiga msasa kwa mchanga wa mto, akatengeneza wino wake. Na hapo, wallahi, mambo yakaanza kwenda. Aliandika ukurasa wa historia kwa Kiingereza kama ulivyo, akazunguka uani na ubao mkononi akiimba sauti ya duksi: uhamiaji wa Wabantu, biashara ya misafara, mkutano wa Berlin. Alisoma akifagia. Alisoma akichuja unga wa anjera, ile chapati nyepesi ya asubuhi. Somo likikaa, anaosha ubao, anaandika jingine. Jirani mmoja akachungulia juu ya ua, akauliza kama maji yale ya kuosha historia yananywewa kwa baraka kama ya Kurani, na kama yanatibu malaria. Mtaa mzima ukacheka. Hinda naye akacheka, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na furaha. Kufikia Juni alikuwa amehifadhi kitabu kizima cha historia, nusu ya biolojia, na mifano yote ya hesabu pamoja na majibu yake.

Abdiwahab akirudi sokoni alimsikia, akatikisa kichwa. "Mashallah," alisema. "Lakini Bute bado ipo pale pale, usisahau."

Kana kwamba angeweza kusahau.

Mwezi wa Julai ukaja mtihani wa majaribio. Watahiniwa wa kujitegemea walikusanywa katika shule moja ya mjini walikokuwa wameandikishwa, na msimamizi wao alikuwa Mwalimu Kilonzo, mtu wa Kitui, mrefu, mkavu, mwalimu wa historia na hesabu. Hinda aliandika bila kuinua kichwa. Alitoka amechangamka hata akamsalimia punda.

Wiki iliyofuata alipokwenda kuchukua matokeo, Mwalimu Kilonzo alimwita ofisini na kufunga mlango nusu. Karatasi yake ilikuwa mezani peke yake, mbali na za wengine.

"Dada, kitabu ulikificha wapi?"

"Kitabu gani, mwalimu?"

"Usinichezee. Nimekaa na insha yako hapa na kitabu hapa. Neno kwa neno. Koma kwa koma. Hata umeandika, 'kama inavyoonekana kwenye ramani iliyo ukurasa wa pili.' Ramani iko wapi? Ulikuwa unanakili haraka hata hukuona unanakili nini! Jina lako nalipeleka kwa mkuu wa kituo leo. Mwizi hatafanya mtihani kwangu."

Damu ilimpanda Hinda kichwani. Mwizi! Binti wa marehemu Kerrow, mwizi! Aliona mwaka mzima ukiporomoka, akaona kaunta ya Bute.

"Mwalimu, chukua hicho kitabu," alisema. "Fungua popote. Nipe maneno matatu tu ya kwanza."

Mwalimu Kilonzo alimtazama kwa dharau, akafungua katikati, akasoma maneno matatu. Hinda akafumba macho, akaanza kuyumba, na Kiingereza kikamtoka kwa sauti ya duksi, aya moja, ya pili, ukurasa, pamoja na maandishi yaliyo chini ya picha. Mwalimu akageuza, akampa pengine. Akampa tena pengine. Walimu wawili waliokuwa wakinywa chai chumba cha pili wakaja kusimama mlangoni na vikombe vyao. Ukurasa wa tano Mwalimu Kilonzo alikifunga kitabu taratibu.

"Basi, basi. Nimeona. Si mwizi." Alijipangusa uso. "Sasa niambie wewe. Katika hizo sababu za watu kuhama ulizozitaja, ipi ilikuwa kubwa kuliko zote, na kwa nini?"

Hinda alifumba macho tena. Alizipitia kichwani zile sababu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake, na hakuna hata moja iliyokuwa na alama ya kusema mimi ndiyo kubwa.

"Kitabu hakisemi," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Nakuuliza wewe."

Mwalimu akavuta karatasi ya hesabu. "Na hii? Kitabuni tangi ni la lita elfu. Mimi nimeweka mia sita. Wewe umeandika jibu la kitabu. Dada yangu, maji yako ni mengi kuliko tangi langu. Yamemwagikia wapi?"

Wale walimu mlangoni wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Hinda alitamani ardhi immeze.

"Jina lako nitaliacha," alisema Mwalimu Kilonzo. "Lakini msahihishaji wa Nairobi hakujui, na hatakuita umsomee kwa kichwa. Akiona maneno ya kitabu, atasema umeiba. Akibadilisha namba, umekwisha. Una miezi mitatu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Hinda alilia kwa hasira, akijipangusa kwa ncha ya shashi yake ya kichwani. Na tuseme ukweli, kosa lake halikuwa la kijinga. Duksi humfundisha mtoto kubeba neno kama lilivyo, asiongeze, asipunguze, asiulize kwa nini limekuja hivi na si vile. Na ni sawa kabisa, kwa sababu neno lile si la kuchezewa. Kosa la Hinda lilikuwa kumpa mtunzi wa kitabu cha shule heshima hiyo hiyo, mtu wa kawaida kabisa, pengine aliyeandika akiwa na njaa na kukosea hapa na pale. Hakuwahi kufikiri kwamba unaweza kubishana na kitabu. Ilikuwa utovu wa adabu.

Alifika uani akautupa ule ubao ukagonga ukuta.

"Naa Hinda, nini tena?" Ayeyo aliuliza, amekaa kivulini anasuka kamba.

"Nimekwisha, Ayeyo. Naenda Bute. Nifungie nguo."

"Funga mwenyewe, una mikono. Nimekusikia nusu mwaka unapiga kelele na hao Wabantu wako. Ndio kina nani hata? Walifanya nini?"

Hinda hakuwa na nguvu ya kukataa. Akaketi chini, akaanza kumweleza kwa Kisomali. Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana katika Kisomali yale maneno ya kitabu hayakuwepo. Ilibidi atafute ya kwake.

"Walihama," alisema. "Kutoka magharibi, mbali. Kwa sababu ya ukame, na magonjwa, na watu kuwa wengi, na vita."

"Nani aliwaongoza?"

"Sijui. Kitabu hakisemi."

"Mtunzi hakuwauliza wazee wao? Walikuwa na ng'ombe?"

"Wengine. Wengine walikuwa wakulima."

"Wakulima wanahama vipi? Wanabeba shamba kichwani?" Ayeyo aliitupa kamba. "Na hiyo habari ya ukame ni uongo. Ukame unakuhamisha, mvua ikinyesha unarudi. Asiyerudi amefukuzwa. Vita ndiyo sababu, hizo nyingine ni mapambo."

"Si lazima, Ayeyo! Kama huko alikofika ni kuzuri zaidi, arudi kufanya nini? Yule mzee wa Balambala, jirani wa shamba la Abdiwahab, alikuja kwa ukame, mbona hakurudi? Alipata mto!"

"Yule ni mvivu."

"Mvivu au si mvivu, hakufukuzwa na mtu! Alikuja kwa ukame, akabaki kwa mto. Kwa hiyo kinachomtoa mtu si lazima kiwe ndicho kinachomzuia kurudi..."

Hinda alisimama, akazunguka uani mara mbili, akaingia ndani kuleta kitabu kuona kama hilo limeandikwa. Halikuandikwa. Alikuwa amelisema yeye.

Toka siku hiyo akatupa ule mtindo na kushika mwingine. Asubuhi alisoma kwa mwendo kama zamani, lakini vipande vifupi, kama muda wa birika kuchemka, kisha anakifunika kitabu. Baada ya sala ya adhuhuri sharti amsimulie Ayeyo bila kuchungulia. Ayeyo akisinzia, Hinda anajua hajaelewa, anarudi kusoma. Ayeyo akipiga kelele, mambo ni mazuri. Na bibi huyo hakuwa rahisi, wala si kwamba alikuwa na hekima ya ajabu. Mara nyingi alikosea na hakukubali kamwe. Alikataa katakata kwamba majani ya mti yanajipikia chakula kwa jua. Kama ni hivyo, alisema, mbona Garissa si msitu, jua si tunalo la kugawia watu? Hinda alitumia siku tatu kumshinda kwa habari ya maji na udongo, akashindwa kumshinda, lakini yeye biolojia ikamwingia mpaka kwenye mifupa.

Hesabu alizifanya kwenye ubao wa kreti. Aliandika swali la kitabuni kwa ule wino wake, kisha kwa kidole kilicholowa alifuta namba peke yake, maneno yakabaki, akatia namba nyingine za kichwani. Tangi la lita mia sita. La lita sabini. Tangi lenye tundu. Mara ya kwanza alikwama kila mahali, na alitamani kukivunja kile kibao kwa goti. Mara nyingine hakusoma kabisa. Kuna wiki nzima aliizurura Garissa kwa miguu, hana analolitafuta, mradi asione kitabu, na jioni anarudi amejawa na chuki na nafsi yake. Rafiki yake mmoja wa shule alikuwa amepata kazi ya ukalimani kwenye kambi za wakimbizi kule Dadaab, bila cheti chochote, na alipomwona Hinda alimwambia, "Njoo huku, wewe unajitesa nini?" Hinda alikaribia kwenda. Alikuwa ameshafunga hata mfuko. Kilichomzuia ni ile sauti ya kaka yake, Bute bado ipo pale pale, kwa sababu alijua akiikimbia ahadi mara hii, hatapewa nyingine.

Mtihani ukaanza. Historia ilikuja na swali la "toa maoni yako," na Hinda karibu acheke kwa sauti. Maneno ya kitabu yalimjia yote, yamejipanga. Aliyaacha yapite, akaandika kama anayegombana na bibi yake. Biolojia ikapita. Kiswahili kikapita. Ikabaki karatasi ya hesabu, na kati yake na karatasi ya hesabu kulikuwa na siku mbili za kupumzika.

Katika siku ya kwanza kati ya hizo mbili, Adeer Diriye aliteremka kutoka kwenye lori uani kwao, mweupe kwa vumbi, amekuja kumwona mama yake. Ayeyo alimlilia, akamkaripia kwa kukonda, akamwagizia maziwa ya ngamia. Hinda alimmiminia mikononi maji ya kunawa na moyo wake ulikuwa mzito. Alidhani amekuja kumchukua.

"Adeer," alisema, akaona afadhali alimalize, "duka linaendeleaje? Bado mnaningoja?"

Adeer Diriye alimkodolea macho. "Wewe? Duka lina mtu zamani, mwanangu. Jelle, mtoto wa dada yako mkubwa wa Wajir, yuko nalo. Kaka yako si aliniambia kwenye taar, hata kabla ya Idi ya Kuchinja, kwamba nisikutegemee, wewe unasoma na hatakuleta, ufaulu usifaulu? Hakukwambia?"

Idi ya Kuchinja ilikuwa Aprili. Sasa ni Novemba.

Abdiwahab alipoingia, akamkuta dada yake amesimama katikati ya uani na birika tupu mkononi. Hakuhitaji kuulizwa. Alimwona Adeer, akamwona Hinda, akavua kofia yake.

"Ningekuambia, ungelegea," alisema. "Nakujua, Hinda. Tangu utotoni hukuwahi kumaliza kitu. Hata uji. Nikaona bora uogope kidogo."

"Kidogo? Kidogo, walaal? Nilikuwa siwezi kulala! Nilikuwa nikisikia lori la Wajir linapita natetemeka! Ulikuwa ukipita hapa kila siku unaniambia Bute, Bute, na unajua hakuna Bute!"

"Na si umesoma?"

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwa sababu alikuwa amesoma. Hinda alimgeukia Ayeyo. "Na wewe ulijua?"

"Nani humu ndani huniambia kitu?" alifoka Ayeyo. Akamtupia Abdiwahab kiatu, kikamkosa kikampata Adeer Diriye.

Hinda hakusoma siku ile. Hakuzurura wala hakufagia. Alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta akakaa, miguu imenyooshwa, mikono mapajani, kuanzia adhuhuri hadi magharibi. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Ayeyo alipata hofu akamsomea Ayatul Kursiyyu mara kadhaa na kumpulizia. Lakini Hinda hakuwa mgonjwa. Ile kamba iliyokuwa ikimvuta shingoni mwaka mzima ilikuwa imekatwa, na alikuwa akingoja kuona kama ataanguka. Hakuna aliyekuwa akimfukuza. Akiiacha karatasi ya hesabu, haendi popote. Atabaki hapa hapa, atapika chai, atasema maskini nilijaribu. Na kulikuwa na utamu katika wazo hilo, asikwambie mtu. Aliuonja mchana kutwa.

Asubuhi aliwasha moto wa anjera kama kawaida. Sufuria ya unga ilikuwa mkono mmoja. Mkono wa pili, sijui hata yeye kama alijua, ulikuwa umelowesha kidole na kufuta namba kwenye ubao uliokuwa umeegemea ukuta. Swali lilikuwa la pipa la mviringo, lile ambalo tangu Agosti lilikuwa linamtoka vibaya. Akatia namba zake. Likatoka vibaya. Akafuta, akatia nyingine. Anjera ya kwanza ikaungua. Ya pili ikaungua. Ayeyo akapiga ukelele kutoka ndani kwamba nyumba inawaka. Hinda hakusikia. Alikuwa amepata mahali alipokuwa akikosea miezi yote ile: alikuwa anachukua upana wote wa duara badala ya nusu yake. Jambo dogo hivyo! Alicheka peke yake mbele ya moshi, akatia namba nyingine ili aone kama ni kweli, na ilikuwa kweli, akatia nyingine tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alitaka tu kuliona likitoka.

Siku ya karatasi Abdiwahab alijitokeza mapema, amevaa shati safi, akasema kwa sauti ya chini kwamba angemsindikiza. Hinda akamwambia baki na mgeni wako. Akaenda kwa miguu, haraka haraka kama kawaida yake. Chumba kilikuwa na joto la kuokea mkate. Maswali mengine aliyaweza, mengine yalimshinda, na mawili aliyaacha wazi kabisa. Lile la pipa halikuja. Alitoka wa mwisho, msimamizi amesimama juu ya kichwa chake akimwambia dada, muda umekwisha, weka kalamu.

Matokeo yalifika mwaka uliofuata, baada ya mwezi wa Ramadhani kupita. Abdiwahab ndiye aliyekwenda kuyachukua. Alirudi akikimbia, mtu mzima na tumbo lake, akaingia uani akipunga karatasi. C ya jumla. Ilitosha chuo cha ualimu na kubaki. Ayeyo alipiga vigelegele, kisha akauliza C ni ya ngapi kutoka juu, akaambiwa, akaacha vigelegele. Abdiwahab alisoma somo moja moja kwa sauti kama mnadi wa sokoni: historia A ya kutoa, biolojia B, Kiswahili C ya kuongeza. Alipofika chini akamtazama dada yake kwa huruma.

"Ni hii hesabu tu iliyokuangusha, abaayo," alisema. "D ya kuongeza. Lakini usijali, zile nyingine zimeifunika."

Hinda aliichukua karatasi mkononi mwake, akaitazama ile D mpaka macho yakamjaa machozi.

"Hizo nyingine tugawane, walaal, mimi na wewe na Bute yako," alisema. "Hii ni yangu peke yangu."